Mselem Alivyokataa Kwanza

Mwaka ule Serikali iliamua kupanua ndia ya mtaa wa Langoni, mjini Amu, na nyumba ya Bi Barka ilikuwa imejitokeza mbele ya wenzake kama jino. Bwana wa wilaya, mzungu, hakutaka kelele. Alisema watu wa mtaa wajichagulie mzee wao, na huyo ndiye atakayeamua ndia ipite upande upi.

Waliotajwa ni wawili. Obeid, mwenye maduka, alitaka ndia inyooke hadi pwani mizigo yake ipate kupita. Mselem, fundi wa milango, alikuwa ndugu yake Bi Barka, tumbo moja. Alimwahidi dadake kwamba akipata yeye, ukuta wake hauguswi. Bi Barka alikuwa mjane, hana pa kwenda pengine, naye akaliamini neno la nduguye akalala usingizi.

Siku yenyewe watu walipangwa mbele ya ngome, kila mmoja nyuma ya amtakaye. Loo, nyuma ya Mselem mstari ulipinda kona. Moyo ulimdunda kwa furaha. Bwana wa wilaya akauliza, kwa kinywa cha karani wake, kijana wa bara aliyekuja juzijuzi, "Mselem, unakubali?"

Sasa, Amu mtu hapokei cheo kama anayepokea tende. Anakataa kwanza, anabembelezwa, anakataa tena, anashikwa mkono, ndipo anainamisha kichwa. Anayekubali papo hapo ni mroho, na atasemwa barazani mpaka achoke. Basi Mselem akashika kifua, akasema, "Mimi si wa kazi hiyo, Bwana. Wako walionipita." Wenzake wakajiweka sawa wapate kumbembeleza.

Hawakuwahi. Karani alifasiri neno kwa neno, mzungu akaitikia kwa heshima zote, akamgeukia Obeid. Naye Obeid, aliyefanya biashara na wazungu Mombasa tangu ujana, akasema, "Nakubali." Yakaisha. Mselem alijaribu kueleza kwamba hakukusudia hivyo, karani akamwambia Bwana hapendi vigeugeu.

Akaenda moja kwa moja kwa dadake, akamweleza yote bila kujitetea. Bi Barka alimpa maji, akamngoja anywe.

"Ungalikubali pale pale, wangalikufanyani?"

"Wangalinicheka, dada."

Alimtazama kwa huruma, maana alimpenda sana. "Si ungaliwaacha wakacheka, Mselem," akasema, kisha akaingia ndani kuanza kutoa vyombo.