Aliyemwosha Feleti Kichwa

Alhamisi asubuhi Lesieli alimwosha baba yake kichwa, na tangu saa ile mzee akakataa kukaa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sasa, kichwa cha baba hakiguswi na mtoto. Kijiji kizima cha Koulo kinalijua hilo, hata watoto wanaotambaa. Mama alipofariki, kazi ile aliichukua shangazi Toakase, maana dada mtu ndiye mwenye haki nacho. Kila Jumamosi alikuja na sabuni yake na chupa ya mafuta ya msandali, akamketisha kaka yake barazani, akamwosha, akaondoka. Ndani hakuingia hata siku moja. Kaka na dada wa rika lao hawakai chumba kimoja, hawali wakitazamana, na neno la dada likishatoka halirudishwi.

Mwaka jana shangazi naye akafariki. Binti yake yuko Sydney, hajui hata njia ya kurudi. Akili ya mzee Feleti ikazidi kupotea, na kichwa kisichooshwa kikaota vidonda. Vidonda vikatoa harufu. Nzi wakamjua kwa jina.

Na Viliami, mdogo wake Lesieli aliyeko Auckland? Yeye alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada na ushauri wake wa bure. "Usijichoshe, dada. Vuta pumzi. Tafuta muda wako, tembea ufukweni."

Ufukweni! Akimwacha baba dakika kumi tu anamkuta kwa nguruwe bila nguo.

"Njoo utembee wewe," alimjibu. "Njoo miezi miwili tu, nipumue."

Viliami akajikohoza, akataja kazi, akataja watoto. Huu ulikuwa mwaka wa sita wa Lesieli kumuuguza mzee.

Basi Alhamisi hiyo Lesieli alipiga moyo konde, akachemsha maji, akamketisha baba barazani na kukigusa kile kisichoguswa. Lakini mzee, ambaye kila siku humpiga makofi na kumtukana akimwosha miguu, alifumba macho akatulia tuli.

"Asante, Toakase," akasema.

Na Lesieli, kwa uchovu tu, kwa furaha ya kutopigwa, akaitika, "Haya."

Hapo ndipo alipokosea. Mzee alipofumbua macho hakumwona tena binti yake. Aliinamisha uso, akainuka kwa heshima, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka jiko la nje, akaketi kwenye gunia la makumbi ya nazi.

"Baba, ni mimi! Lesieli!"

"Samahani, dada," alisema akitazama ardhi. Lesieli alipomfuata jikoni, alihamia chini ya mshelisheli. Alipomwekea sahani ya magimbi, aliiacha ikaliwa na kuku, maana atakulaje mbele ya dada yake?

"Umeingilia kazi ya marehemu," alisema jirani yake Vika, bila kumung'unya maneno, kama kawaida yake. "Atakuja kuidai, utaona."

"Vika, nenda kwako kabla sijakumwagia maji haya."

Alimfukuza, lakini maneno yalibaki naye. Ijumaa adhuhuri alikuwa akirudi kutoka shambani aliposikia sauti ya baba yake jikoni, ya chini, ya adabu. "Ndiyo, dada. Sijasahau. Ndiyo." Alichungulia. Mzee alikuwa peke yake, kichwa kimeinama, anaongea na mkeka mtupu. Alipomwona Lesieli mlangoni alishtuka.

"Mbona unarudi, dada? Si umepita sasa hivi?"

Jiko zima lilinuka mafuta ya msandali, na yeye Alhamisi alitumia sabuni ya kufulia. Alikimbilia ndani akafunga mlango, akalia kwa hasira na woga, amejiziba mdomo kwa kitambaa cha meza asisikike.

Jumamosi ikanyesha. Mvua yenyewe ya upepo, inayopiga ubavuni. Mzee alikaa chini ya mshelisheli akikohoa, siku ya tatu hajatia kitu tumboni. Lesieli alimvuta mkono, akamwomba, akampigia magoti kwenye tope. Mzee alijikunja tu asimguse. Kifua kile kingemuua kabla ya Jumatatu, na angekufa akimkimbia mtoto wake.

Hapo Lesieli akashindwa kuvumilia. Alisimama wima kwenye mvua na kulitamka jina ambalo katika miaka yake arobaini na nane hajawahi kulitamka mbele ya mwenyewe.

"Feleti! Inuka! Ingia ndani ule!"

Sauti ilitoka nzito, kavu, na haikuwa yake.

Mzee akainuka.

Mungu amsamehe Lesieli, siku mbili zile zilikuwa nyepesi kuliko zote za miaka sita. Alitundika pazia katikati ya chumba, akakaa upande wake, akaamuru. Feleti, kula. Feleti, meza dawa. Mzee alikula, akameza, akalala. Hakuna makofi, hakuna matusi. Kikohozi kikapungua. Lesieli aliliona lile tulizo moyoni mwake na akalionea aibu, kwa sababu alilipata kwa kumfuta mtoto wa yule mzee.

Jumatatu alasiri, mzee aliita kutoka nyuma ya pazia.

"Dada. Mtoto wangu Lesieli simwoni."

Lesieli akataka kuitika. Akisema "niko hapa, baba," mzee atachanganyikiwa. Atatoka tena kwenye mvua.

"Amechoka yule," mzee aliendelea. "Namsikia akilia. Mimi nikimwambia apumzike hanisikii, ana kichwa kigumu kama mama yake. Lakini wewe hawezi kukukatalia. Mwambie aende kwa mdogo wake, yule mvivu aje akae na mimi."

Lesieli alijishika mdomo kwa mikono miwili. Hakusema kitu. Naapa, hata pumzi aliizuia.

Nyuma ya pazia mzee alikaa akisikiliza.

"Ndiyo, dada," akasema. Akasikiliza tena. "Miezi miwili? Ndiyo. Sawa. Asante."

Harufu ya msandali ilipita chumbani, ikatoka. Lesieli akampigia mdogo wake simu.

"Viliami. Uje ukae na baba miezi miwili. Nimeambiwa niondoke."

"Nani kakwambia?"

"Shangazi Toakase."

Mwaka jana Viliami alikuja kumzika shangazi kwa mikono yake, alibeba mchanga mweupe wa kaburi lile. Ungetegemea acheke. Aliuliza tu kwa sauti ndogo, "Alisema miezi miwili?"

"Miwili."

"Nakata tiketi leo."

Alifika Ijumaa, tumbo mbele, macho yakizunguka kila pembe ya nyumba. Mzee alimtambua papo hapo na kumtukana kwa unene wake. Walicheka wote wawili. Lesieli aliwasikiliza akiwa nje na sanduku lake, gari la kumpeleka uwanja wa ndege likipiga honi.

Angeweza kuondoka hivyo hivyo. Lakini nani anamwacha baba yake bila kumshika mkono? Alisimama mlangoni. Mzee akainamisha uso mara moja, kicheko kikakatika.

"Dada, Lesieli ameshaondoka?"

Viliami alimtazama Lesieli, akatazama ukuta.

"Ameshaondoka, Feleti," Lesieli alisema.

"Mbona hakuja kuniaga?"

Honi ikapigwa tena.

"Alikuja," akasema. "Ulikuwa umelala."

Mzee alitikisa kichwa, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Angeniamsha," alisema, na Lesieli akabeba sanduku lake akaenda kwenye gari.