Miche Iliyonuka

Asubuhi nilikuwa nyuma ya jikoni, nimechuchumaa na kopo langu la maziwa nililolitoboa matundu kwa msumari, namwagilia marigodi za mama. Nikaona moja imechanua. Maji yakanimwagikia miguuni na wala sikujali.

Ua lenyewe lilikuwa dogo, njano katikati, na petali nyeupe chache pembeni kama meno ya mtoto. Mama alisema maua yatakuwa ya rangi ya chungwa, makubwa kama ngumi. Nikajiambia la kwanza huwa hivyo, yatakayofuata yatanenepa. Nikalipiga picha, nikamtumia: "Yamechanua. Unakuja lini?"

Akajibu upesi. "Mazuri sana, mwanangu." Basi. Kuhusu kuja, hakuna neno.

Mama yuko mji mwingine, amepata kazi kwenye kiwanda cha nguo. Siku anaondoka alinipa simu yake ya zamani na mbegu zimefungwa kwenye karatasi. Akasema nizipande, maua yakichanua tu anarudi. Mimi si mtu wa maneno, hata baba ananiita Kimya, kwa hiyo sikumuuliza kwa nini amebeba mpaka masweta, na joto lote lile.

Nilizipanda siku ileile. Zilipoota ikaja miche ya namna mbili, majani yanafanana kama watoto wa baba mmoja. Mmoja ukiugusa tu, mkono unanuka harufu kali mpaka puani inawasha. Mwingine haunuki kitu. Nikawaza, ua gani hilo la kunuka hivi? Nikaing'oa yote iliyonuka, nikaitupa jalalani. Jioni nikampigia mama kumweleza. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Umefanya vizuri. Endelea kumwagilia."

Nikaendelea. Niliipanga upya kwa mstari, nikaivutia kamba isiende upogo, nikaiegemezea vijiti.

Leo mchana mama mkubwa, dada yake mama, akaja kutusalimia. Kwa aibu yangu huwa namwamkia na kukimbilia chumbani, lakini leo nilimshika mkono mwenyewe nikampeleka nyuma akaone. Akalitazama ua. Akaitazama mistari, na kamba, na vijiti. Akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"We Kimya, nani kakufundisha kulima kishonanguo?"

Nikajua ni utani, maana mama mkubwa anatania hata msibani. Nikamwambia hizi ni marigodi za mama. Akachuma jani, akalisugua, akaniwekea puani.

"Linanuka?"

"Halinuki."

"Basi si marigodi. Hili ni gugu. Ngoja likauke, litakushona sketi yote kwa visindano vyake. Marigodi inanuka, mwanangu, kipofu anaijua. Mama yako alikuwa anajipaka majani yake miguuni mbu wamkimbie. Badala ya mbu nikawa nakimbia mimi, tulilala kitanda kimoja."

Nikakaa palepale kwenye tope na sketi yangu ya shule.

Sikuwa nawaza miche. Nilikuwa nasikia sauti ya mama kwenye simu, kile kimya kidogo, halafu umefanya vizuri.

"Mama mkubwa, mama akiona picha ya hili gugu, anaweza kudhani ni marigodi?"

"Mama yako? Labda awe amelala."

Akaniangalia usoni, kicheko kikamkatika. Akauliza kuna nini. Nikamweleza ile ahadi, kwamba yakichanua anarudi, na kwamba nilimwambia mama nimeng'oa miche yenye kunuka. Mama mkubwa, ambaye maneno hayajawahi kumpungukia, akafuta mikono kwenye gauni, akafuta tena. Akaniambia nikamchemshie chai.

Mama mkubwa hanywi chai.

Sikwenda jikoni. Nilikwenda chumbani, nikakaa ukingoni mwa kitanda na tope langu. Lile ua bado lilikuwa kwenye kioo cha simu, na chini yake, mazuri sana, mwanangu. Nikaandika neno, nikafuta. Mwisho nikatuma:

"Mama, ulijua?"

Vitiki viwili vikawa vya bluu. Juu pakaonyesha anaandika, pakapotea. Pakaonyesha tena, pakapotea. Baba ameniita mara ya pili sasa nikale, na simu iko mkononi, na hakijaingia kitu.