Sisimizi wa Chumba Cheupe

Sisimizi wa kwanza alitokea mezani siku ya mkesha wa Krismasi. Nyota ya jioni ilikuwa ndiyo kwanza imeonekana, Ludwina, mke wangu, ameshatandika mezani kitambaa cheupe juu ya nyasi kavu za desturi, nasi tumesimama kumega mkate mwembamba wa baraka. Akapanda juu ya mkate huo, mweusi, mkubwa kuliko punje ya shayiri, akasimama pale kana kwamba naye kaalikwa.

Nje theluji ilikuwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Sisimizi wa nje walikuwa wamelala ardhini tangu vuli. Kwa hiyo huyu hakutoka nje, na mimi nililijua hilo kabla mtu hajafungua mdomo.

Mwanangu Szczepan alimponda kwa kidole gumba, akajifuta kwenye suruali. Alikuwa amekuja likizo kutoka Chikago, anakojenga nyumba za watu.

"Baba, nyumba inaliwa hii."

"Hawali," nikasema. "Mti hawauli. Wanauchonga, wanautema nje. Wanatafuta pa kulala tu."

"Haya, profesa. Wanalala ndani ya ukuta wangu bure."

Alisema wangu kwa haki. Nilipochukua pensheni ya wakulima tulimwandikia yeye hati, kama kila mtu kijijini anavyofanya, tukabaki na haki ya kuishi chumba cheusi, kile chenye jiko, mpaka tufe. Chumba cheupe, cha wageni na sikukuu, kilikuwa chake. Baba yangu ndiye aliyeyapandisha magogo yale, na jina lake limechongwa kwenye boriti kuu pamoja na mwaka na ua la ncha sita.

"Sikieni," Szczepan akasema, huku akitia supu. "Hapa nataka kujenga nyumba ya matofali, vyumba vya watalii, kila kimoja na bafu lake. Nimevumilia kwa sababu yenu. Sasa basi. Nikirudi Pentekoste nikaona sisimizi hata mmoja, naleta katapila."

"Na usipomwona?"

"Nisipomwona, sileti katapila."

"Sema mbele ya mama yako."

"Nimesema, baba! Mama, shahidi. Tule sasa, samaki anapoa."

Ludwina hakula. Alikuwa akiutazama ukuta.

Kuta zetu hazipakwi rangi wala vanishi. Zinaoshwa. Kila mwaka kabla ya Pentekoste mwanamke hupanda ngazi na brashi ngumu, sabuni ya kipande na ndoo ya maji moto, akasugua kutoka dari hadi sakafu mpaka mti uwe na rangi ya asali. Ukuta uliofanya weusi ni aibu ya mwanamke, kama uzio ulioanguka ni aibu ya mwanamume. Ludwina ana miaka sabini na kitu na hajawahi kumwachia mtu brashi yake. Watu wakipita wakachungulia dirishani, husikika wakilitaja jina letu la ukoo, kwa Pitoń pale unaweza kulamba ukuta.

Theluji ilipoanza kuyeyuka nilianza kazi. Shule nilisoma ya jioni, nikitoka kwenye kiwanda cha mbao na vumbi la msumeno masikioni, na nilichojifunza kule zaidi ya yote ni kutofanya haraka na jambo usilolijua. Jirani yangu Kasper alikuja na bomba la dawa mgongoni, ile ya viazi.

"Gazda, mwenye nyumba, tunyunyize tu! Kesho wote chali!"

"Kesho utaua wale unaowaona. Mama yao amekaa ndani anazaa wengine."

"Basi umwandikie barua atoke," Kasper akasema, akaenda zake anacheka.

Niligonga kuta na mpini wa nyundo, gogo baada ya gogo. Mti mzima hujibu kama mlango wa kanisa. Upande wa kaskazini wa chumba cheupe, chini ya dirisha, ulijibu kama boga. Nikaweka sikio. Ndani palikuwa na mchakacho, kama mtu anayekunja karatasi polepole. Na chini, nyuma ya sanduku la nguo, palikuwa na kichuguu kidogo cha unga wa mbao, laini, na miguu na vichwa vya sisimizi waliokufa vimechanganyika humo. Wao pia hufagia nyumba yao.

Kati ya gogo na gogo sisi husokota nyuzi nyembamba za mbao, tukazikandamiza pale kama nywele zilizosukwa. Upepo haupiti, lakini unyevu unapita. Nilipovuta msuko wa pale chini ya dirisha, nilikuta ni kamba tu ya juu juu, ya kudanganya jicho. Nyuma yake kulikuwa na povu la njano, lile linalotoka kwenye kopo likavimba na kuganda. Lilikuwa na matundu matundu kama jibini. Sisimizi wakamwagika mkononi mwangu, na mayai wamebeba.

Nilikaa sakafuni. Nilikumbuka. Szczepan alipokuja mara ya kwanza kutoka Amerika alitupeleka sisi kwa dada yangu wiki nzima, akasema anatufanyia zawadi, nyumba itakuwa na joto. Aliing'oa misuko ya babu yake akatia povu. Kila mwaka Ludwina aliuosha ukuta ule, maji yakaingia nyuma ya povu, yakakosa pa kutokea. Mti ukalowa ukawa laini, mahali pazuri kabisa pa kuchonga.

Nikampigia simu.

"Wamo ndani ya povu lako," nikasema.

Szczepan akacheka. "Chikago kila mtu anatia povu."

"Chikago mama zao huosha kuta?"

"Basi mwambie mama aache kuosha."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kwa sisimizi nilihitaji subira tu. Kwa Ludwina nilihitaji ujasiri.

"Nisioshe?" akasema. "Pasaka inakuja, Pentekoste inakuja, nisioshe?"

"Ukuta wa kaskazini tu. Ukauke kwanza."

"Aniela atapita aone nusu nyumba inang'aa na nusu imekuwa kama zizi. Atasema Ludwina kazeeka, kalala."

"Aseme."

"Wewe hawakusemi. Wewe wanasema una kichwa." Lakini brashi aliiweka. Na kweli Aniela alipita siku ya Jumapili ya Matawi, akaweka pua kwenye kioo, akauliza kwa sauti ya asali kama Ludwina anaumwa. Ludwina alimjibu kwamba anaumwa na majirani.

Nilichanganya asali na unga wa boraksi, kidogo sana, kwa sababu ukizidisha wanakufa njiani na hawafiki kwa mama yao. Nikaweka kwenye vifuniko vya chupa kando ya njia zao. Ludwina aliniona nawalisha asali yetu akafanya ishara ya msalaba. Walikula, wakarudi, wakaleta ndugu zao. Jioni, kabla giza halijaingia vizuri, nilikaa uani nikiwafuata kwa macho. Walitoka chini ya dirisha, wakapanda nguzo, wakashika kamba ya kuanikia nguo kama reli, wakavuka ua mzima bila kukanyaga majani, wakateremka nyuma ya birika la ng'ombe. Pale kulikuwa na kisiki cha msonobari alioukata baba yangu kwa ajili ya kuta hizi hizi. Kijiji chao kikuu kilikuwa humo. Ukutani kwetu lilikuwa tawi tu.

Nilikishughulikia kisiki kwa shoka, mtaimbo na vyungu vya maji ya kuchemka, na mabaki nikayachoma. Kamba ya nguo niliihamishia upande wa pili. Ukutani nilichokonoa povu lote kwa kisu, tonge kwa tonge, mpaka vidole vikavimba. Kipande cha gogo kilichooza nilikikata nikaunga kingine cha mti ule ule wa zamani, kutoka banda la nyasi lililoanguka, na kwenye kiungo chake huwezi kupitisha wembe. Kisha nikasuka misuko mipya, na Ludwina akanishikia ncha. Tulikuwa hatujakaa hivyo, magoti kwa magoti, siku nyingi.

Mwezi Mei niliweka sikio ukutani. Nikaweka jioni, nikaweka asubuhi. Mti ulikuwa kimya.

"Osha," nikamwambia Ludwina.

Alipanda ngazi kama msichana. Siku mbili alisugua chumba kizima, na alipomaliza jua lilipoingia ungedhani tuko ndani ya mzinga.

Szczepan alifika Ijumaa kabla ya Pentekoste. Alipita kuta zote na tochi, akapiga magoti, akachungulia. Hakuona kitu.

"Mzee, umeweza. Kweli umeweza," akasema, akanikumbatia, na mimi kama mjinga nikafurahi. Kisha akasema, "Kesho anakuja Bwana Radziszewski kutoka Warszawa. Anatafuta nyumba ya magogo ya zamani, nzima, safi. Ataiweka kwenye bustani yake kando ya ziwa."

"Ulisema huleti katapila."

"Silitaki tena! Wanaifungua gogo kwa gogo, kwa heshima, wanaisimamisha kule. Iliyooza nani angeinunua? Ingebidi niisage. Umeiokoa, baba."

Ludwina alikuwa anageuza chapati za viazi jikoni. Aliziacha zikaungua.

Asubuhi nilivuka kijito nikaingia msituni na kopo langu la tumbaku. Gogo lililoanguka lenye sisimizi si kazi kulipata. Mgeni akiwaona ukutani hatanunua, na la katapila tungelipigania baadaye. Niliporudi Ludwina alinisubiri mlangoni.

"Wangapi?"

"Wanatosha."

"Utawamwaga wapi?"

"Chini ya dirisha, akiwa anatazama boriti."

"Wamwage wakubwa," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza anichekee kwa macho tangu jana.

Bwana Radziszewski alikuwa mtu mrefu, mpole, viatu vyake vizuri mno kwa matope yetu. Alivivua mlangoni bila kuambiwa, na hilo lilinisumbua, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Aliinua macho kwenye boriti, akasoma jina la baba yangu. Mimi nilisimama karibu na dirisha, mkono mfukoni, kidole kwenye kifuniko. Ludwina alisimama mlangoni na taulo la vyombo.

"Niliambiwa kulikuwa na wadudu," mgeni akasema.

"Walikuwepo," Szczepan akajibu. "Nilileta kampuni. Vijana wenye mashine, wasomi. Wakamaliza kila kitu kwa siku moja. Baba hapa alikuwa anawatilia asali tu, si unajua wazee." Akanitazama, akatabasamu.

Szczepan ananijua. Tangu mdogo alijua wapi pa kubonyeza.

"Kampuni gani?" nikasema. "Kampuni gani iliyokanyaga hapa?"

"Baba, tulia..."

"Nitulie nini? Wasomi wako wangenyunyiza wakaenda, na mwakani wangerudi! Bwana, njoo huku. Piga hapa. Piga hapo. Unasikia? Sasa tafuta kiungo. Tafuta tu."

Alitafuta kwa ncha za vidole. Hakukiona. Nikamwonyesha. Nikamweleza povu, boraksi na kipimo chake, kamba ya nguo, kisiki. Nikampeleka uani nikamwonyesha shimo la kisiki. Nikamrudisha ndani nikamwekea kichwa chake ukutani, mtu mzima wa Warszawa, asikilize.

"Hakuna kitu," akasema.

"Hakuna hata mmoja! Naapa kwa jina lile pale juu."

Nilipogeuka, mlangoni Ludwina hakuwepo. Taulo lilikuwa limetundikwa kwenye komeo. Bwana Radziszewski alikuwa ananishika mkono kwa mikono yake miwili, na macho yake yamejaa heshima ya kweli, kisha akaushika wa Szczepan.

Ludwina nilimkuta kwenye zizi tupu.

"Kopo?"

"Lipo mfukoni."

"Neno moja, Błażej. Ungesema tu, kampuni haikufanya vizuri. Ungefungua kifuniko."

"Alisema ilikuwa kampuni."

"Nilisikia alichosema."

"Mbele ya mgeni!"

"Nilisikia," akasema, akachukua ndoo.

Mafundi walikuja wiki iliyofuata, wakaandika namba kwa chaki kwenye kila gogo, ndani na nje, wapate kujua lipi linakaa juu ya lipi. Walipokwenda kula, Ludwina alipanda ngazi na brashi na sabuni. Aliosha namba zote, kutoka dari hadi sakafu, na pembe zote hakuacha. Nilimshikia ngazi. Msimamizi aliporudi alishika kichwa.

"Mama, umefanya nini?"

"Zilikuwa chafu," Ludwina akasema.

Wakaandika upya kwa rangi nyekundu ya mafuta.

Sasa tunakaa chumba cha chini cha nyumba ya matofali, chenye bafu lake na kuta za vigae. Szczepan anasema mama apumzike, vigae unapitisha kitambaa tu. Anapumzika. Hukaa dirishani ameupa ukuta mgongo, na nikimsemesha hujibu yale tu yanayohitaji jibu. Sisimizi wa kwenye kopo walikufa. Bila mama yao wasingejenga popote hata kama ningewafungulia. Kasper huniuliza kilabuni, mbele za watu, kama ni kweli kampuni ya mjini ndiyo iliyowamaliza wale wa chumba cheupe. Anajua jibu. Anataka tu kuniona ninavyoinuka kwenye kiti, na mimi huinuka kila mara.