Noti Aliyoondoka Nayo Kaka

Nilimwambia kaka yangu, mbele ya bendi nzima, kwamba besi ina nyuzi nne kwa ajili ya walioshindwa kuhesabu mpaka sita. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Alifungasha gita lake la besi akaenda zake, na mimi kwa kiburi changu nikasema tutajimudu.

Jumamosi mama anastaafu unesi. Ameomba wimbo mmoja tu, ule wa huzuni tuliotunga baba alipofariki. Unaanza na maina tisa, kodi ya huzuni, yaani noti tano zinazopigwa kwa pamoja: ya msingi, ya tatu, ya tano, ya saba na ya tisa. Mimi hupiga nne za juu kwa gita langu la nyuzi sita, ile ya msingi naiacha. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja bila kujiuliza.

Jana niliketi peke yangu sebuleni, nikaipiga. Ikatoka changamfu. Nikakaza nyuzi, nikakagua vidole, nikapiga tena: meja tupu, sauti ya furaha, kama mtu anayechekacheka msibani. Nilikuwa tayari kulilaumu gita. Kisha nikazihesabu noti upya, moja moja, na moyo ukanishuka. Zile nne zikiwa peke yake ni kodi nyingine kabisa, ya furaha. Kilichozitia huzuni ni ile moja ya chini, na hiyo siku zote aliipiga kaka. Nilijaribu kuiongeza mwenyewe, lakini kila nikiifikia, ya tisa inaniponyoka. Nikaona aibu hata ya kujitazama.

Leo asubuhi nilibeba gita mpaka karakanani kwake. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya jokofu la mteja, bisibisi mkononi.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba,” alijibu bila kugeuka.

“Hebu sikiliza hii.” Nikapiga.

“Umekosea. Huo si wimbo wa baba.”

“Vidole ni vilevile. Wewe ndiye usiyekuwemo. Nilikukosea, kaka. Nisamehe.”

Aliendelea kukaza skrubu. Nikapiga tena, nikaziacha nyuzi zilie. Ndipo nikamsikia akiguna noti ya chini, taratibu, mdomo umefungwa. Kodi ikageuka. Baba akawa amefariki upya, humo humo karakanani, nami nikalia.

Kaka alifuta mikono kwa kitambaa.

“Jumamosi saa ngapi?”