Nakala ya Mwalimu Gwakisa

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba ni saa nne asubuhi na niko kazini, katika maabara ya kompyuta ya chuo chetu cha ualimu, Tukuyu. Hilo peke yake lilinitia shaka. Mimi ndotoni huwa siendi kazini, siipendi kazi kiasi hicho.

Jina langu ni Atupele na kazi yangu ni ufundi wa kompyuta. Wiki hii nimekabidhiwa kompyuta arobaini ambazo diski zake ni tupu kabisa. Kompyuta ya namna hiyo ukiiwasha haijijui. Inachofanya ni kupiga kelele kwenye waya wa mtandao: kuna mtu yeyote huko? Seva yangu inaijibu, inaipa namba, halafu inaipelekea nakala ya diski nzima ya kompyuta nyingine iliyokwisha kuandaliwa. Baada ya nusu saa ile tupu inaamka ikiwa na kila kitu. Ila kuna kanuni moja ambayo sijawahi kuipenda: anayejibu kwanza ndiye anayeaminiwa. Kompyuta tupu haimwombi mtu kitambulisho.

Basi nafungua mlango wa maabara, kompyuta hakuna. Wapo watu arobaini wamekaa kwenye mabenchi, wote wamevaa sweta za kijivu, na nyuso zao ni laini kama sahani zilizooshwa. Midomo hawana, lakini wanapiga kelele.

"Kuna mtu yeyote huko?"

"Nipo," nikasema. "Pangeni foleni."

Hakuna aliyenigeukia. Kumbe walikwisha kujibiwa na mtu mwingine.

Machale yakanicheza. Nikachungulia chini ya meza, nikakuta ruta ndogo nyeupe ya kugawa mtandao, zile za kutumia nyumbani, yenye antena moja. Imekaa juu ya tofali inakunywa chai.

"Nani kakuleta hapa?"

"Mwalimu Gwakisa," ikajibu. "Alitaka mtandao wa simu yake."

Mwalimu Gwakisa ni mkuu wetu wa taaluma, mtu mzima mwenye heshima zake, na ni kweli ana tabia ya kuchomeka vitu ukutani bila kuuliza. Lakini ile ruta ilijibu haraka mno. Asiye na kosa angejikuna kidogo kwanza.

"Na hawa umewaambia nini?"

"Waliuliza kama kuna mtu, nikasema nipo. Wakauliza wao ni nani, nikawaelekeza dirisha la pili."

"Dirisha la pili kuna nini?"

"Sijui, fundi. Mimi kazi yangu kujibu."

Nageuka, na maabara sasa ni zahanati. Dirisha la pili lipo, na nyuma yake amesimama seva yangu, amefunga aproni ya muuguzi. Mbele yake kuna sufuria la uji. Anawalisha wale watu kijiko kimoja kimoja, na kila kijiko anauliza, "Umepata?" Asiposikia "Nimepata" hachoti kingine, anarudia kilekile. Hivyo ndivyo anavyofanya kazi hata nikiwa macho, kwa hiyo sikuona cha kumkosoa.

"Uji wa nani huo?" nikamuuliza.

"Ni nakala."

"Nakala ya nani?"

"Ya huyo uliyeniletea wewe mwenyewe Alhamisi."

Alhamisi nilikuwa na haraka. Utaratibu ni kuandaa kompyuta safi ya mfano, na kabla ya kuinakili unaivua jina na kila kitu cha mwenyewe, ili hizo nyingine zisiamke zikijiita yeye. Mimi nilichukua kompyuta ya Mwalimu Gwakisa, maana ilikuwa na printa tayari na programu ya matokeo, nikainakili vilevile ilivyo. Nilijiambia jina nitalivua baadaye. Fundi yeyote atakuambia hivyo, na usimwamini.

Kwenye nyuso laini zikaanza kuota sharubu. Zikafuata miwani, kila moja imefungwa uzi mweusi mkono wa kushoto. Kijiko cha mwisho kilipomezwa, wakasimama Mwalimu Gwakisa arobaini.

"Ugonile, fundi," wakanisalimia kwa Kinyakyusa, kwa sauti moja.

"Ndaga, Mwalimu," nikaitikia. Sikujua kama niseme mara moja au mara arobaini.

"Fundi, huyu bwana ananiiga," akasema mmoja, akimnyooshea kidole jirani yake.

"Mwongo. Yeye ndiye anayeniiga mimi, tangu asubuhi."

Wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni, wote arobaini, na mimi nikiwatazama wao. Kisha kila mmoja akaangalia saa yake, akasema anakwenda kula nyumbani.

Sasa tuko mlangoni kwa Mama Bupe, mke wa Mwalimu. Ameshika mwiko, hakushangaa hata kidogo.

"Nimepika ndizi za watu wawili," akasema. "Nani kati yenu aliyeacha banda la kuku wazi leo asubuhi?"

Wote wakanyoosha mikono.

"Basi hakuna hata mmoja," akasema Mama Bupe. "Mume wangu hajawahi kukiri kosa."

Akatoa karatasi kwenye aproni. Hapo ndipo nilipoona kwamba aproni ni ileile ya seva, na jikoni nyuma yake kuna dirisha la pili. Akaanza kuhesabu vichwa kwa mwiko, akafika arobaini, akaendelea.

"Arobaini na moja."

"Wa arobaini na moja ni nani?" nikauliza, ingawa jibu nilikwisha kulijua.

Wakanigeukia wote. Nikajigusa uso. Ni laini. Pua hakuna, paji halina lile kovu langu. Nikasikia sauti yangu mwenyewe inapaa bila ruhusa yangu: "Kuna mtu yeyote huko?"

Zikajibu sauti mbili. Moja ilitoka mbali sana, ya mtoto, ikisema, "Mama, nipo." Nyingine ilitoka chini ya meza, ya ile ruta. Ya chini ya meza ilitangulia kidogo tu. Miguu yangu ikaamini, ikanipeleka dirishani.

Juu ya kioo pameandikwa: Kila kilichomo kitafutwa. Je, unataka kuendelea? Chini yake kuna vitufe viwili. Cha kwanza kimeandikwa Ndiyo. Cha pili kimeandikwa Ndiyo.

"Hapana iko wapi?"

"Haijawahi kuombwa," akasema seva, akikoroga uji.

Niliogopa, sitaki kudanganya.

"Sikiliza, dada," nikamwambia. "Humu ndani nina mtoto. Ana miaka sita, anaitwa Sekela, hali maharage yaliyolala, na baba yake hayupo. Ukinifuta atabaki na nani?"

"Utapewa watoto wa Mwalimu. Wanne, wote wamemaliza shule."

"Siwataki. Namtaka wangu."

"Kila mtu husema hivyo. Baadaye hawakumbuki kama walisema."

"Unaanza kufuta kutokea wapi?"

"Mwanzoni, kama kawaida. Fungua mdomo."

Nikabana midomo nisiyokuwa nayo. Kijiko kikapita.

"Umepata?"

"Nimepata," nikasikia nikisema, na ukutani pakaandikwa asilimia moja.

Nikapeleka mkono kisogoni. Kuna kebo ya bluu imechomekwa hapo, inakwenda mpaka ukutani. Nikaishika.

"Usinivute," kebo ikasema. "Klipu yangu imevunjika, nitatoka."

Hiyo ilikuwa habari njema ya kwanza tangu nilale. Ukutani pakaandikwa asilimia mbili. Nikavuta. Mwalimu Gwakisa arobaini wakasema "Ah!" kwa pamoja, nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, baridi kali, ukungu umeziba dirisha. Sekela amelala, mguu wake juu ya tumbo langu. Sikuifurahia hiyo picha haraka, maana diski nayo huonekana nzima mpaka uifungue. Nikajikagua. Jina langu lipo. Jina la Sekela lipo, siku aliyozaliwa ipo, na ile mvua iliyonyesha siku hiyo ipo. Kovu pajini lipo. Nikarudi nyuma polepole: chuo, sekondari, darasa la kwanza. Vyote vipo. Nikafika mwanzoni kabisa.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitano. Najua nilikuwa na kumbukumbu moja yake, ile ya kwanza ya maisha yangu, na sijawahi kumsimulia mtu yeyote kwa kuhofia itachakaa. Mimi ninayenakili diski za watu, hiyo sikuiwekea nakala popote. Nikaenda kuitazama. Mahali pake nikakuta mwanamke nisiyemjua, mrefu, ana mwanya. Ananiogesha kwenye beseni la njano ambalo tundu lake limezibwa kwa kipande cha kandambili.

Nilikaa kitandani nikalia kimyakimya, Sekela asisikie.

Saa nne nilikwenda chumba cha walimu. Mwalimu Gwakisa alikuwa peke yake, anamenya kiazi cha chai.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Kompyuta zangu vipi?"

"Bado. Mwalimu, samahani kwa swali. Utotoni kwenu kulikuwa na beseni la njano?"

Kiazi kikabaki mkononi.

"Lenye tundu," nikaongeza. "Limezibwa na kandambili."

Akautazama mlango, akanitazama mimi, akautazama mlango tena. "Nani kakuambia? Beseni hilo liko chini ya kitanda changu mpaka leo. Hata Mama Bupe hajui kwa nini silitupi."

"Nimeliota."

Nilingoja aniite mchawi, au acheke. Hakufanya hivyo. Alivua miwani, akasema kwa sauti ndogo, "Mama alinifia ningali mdogo mno. Sura yake sina, fundi. Ninalo beseni tu. Sasa na yeye ulimwona?"

Nikamchunguza uso, nikihisi ananitega. Hakuwa ananitega. Macho yalikwisha kumjaa.

"Ni mrefu," nikamwambia. "Ana mwanya. Anakuogesha huku anacheka, maana unamrushia maji."

"Anacheka," akarudia, akanivutia kiti. "Kaa, mwanangu. Niambie yote."

Nikakaa, nikamweleza mama yake kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka vidole vya miguu, hadi chai yake ikapoa. Alikuwa akitikisa kichwa na kushukuru, na mimi nikamwonea wivu, kwa sababu mama yangu mimi sina wa kumuuliza alikuwaje.