Ndege Waliopeana Mgongo

Ijumaa, tarehe 14 Machi. Mvua ya rasharasha iliyotusumbua siku tatu ilikatika alfajiri, na kufikia saa mbili jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa la jirani. Nilimshukuru Mungu kwa jua hilo kabla hata sijanawa uso. Vitandiko vinane vilikuwa vimeviringishwa chumbani vikisubiri kuanikwa, na mwenyewe alikuwa anakuja saa nne kuvitazama.

Mwenyewe tulimwita Mama Vyumba, kwa kuwa alikuwa anamalizia nyumba ya wageni yenye vyumba vinane. Kila kitanda alikitakia kitandiko chenye ndege wawili wanaotazamana. Kitambaa alileta mwenyewe, pamba nzito nyeupe, kila kitandiko kipande kimoja kizima.

Mimi na mume wangu tunafanya kazi hivi: mimi nachora kwenye karatasi, yeye anachonga mchoro huo kwenye ubao uwe muhuri, kisha mimi naupaka muhuri rangi na kuugandamiza kwenye kitambaa. Tulianzia mezani pa kulia chakula, tukichapa leso za kuuzia majirani. Miezi sita iliyopita mume wangu aliomba likizo bila mshahara kiwandani kwao, kiwanda cha samani, ili tujaribu kuifanya kazi hii iwe kazi kweli. Sasa likizo ilikuwa imekwisha. Jumatatu ama aripoti, ama nafasi yake apewe mwingine. Tulikuwa tumekubaliana: Mama Vyumba akipokea vitandiko, haendi. Akivikataa, anarudi kwenye msumeno wa kampuni, nami nirudi kwenye leso.

Mama mkwe wangu, ambaye ndiye mwenye cherehani katika nyumba yetu, alitoka na kibanio cha nguo mdomoni akatusaidia kukunjua kitandiko cha kwanza kwenye kamba. Tukakivuta kikanyooka. Mama akatoa kibanio mdomoni.

"Hawa wamegombana?" akauliza.

Ndege wa kushoto alikuwa anatazama kushoto, ndege wa kulia anatazama kulia. Mikia yao ndiyo iliyokuwa inakaribiana. Tukakunjua cha pili, na cha tatu. Mume wangu alikwenda kukaa kwenye ngazi ya mlango, akaweka mikono yake yenye makovu ya patasi juu ya magoti.

Nilijua kosa kabla hajainua kichwa. Muhuri huchongwa kinyume, kwa sababu ukigandamizwa mchoro hugeuka. Kwa kazi zote za nyuma, yeye ndiye aliyekuwa anageuza: huilaza karatasi yangu kifudifudi juu ya ubao, akakopi kwa nyuma, akachonga. Lakini mwezi huu, kwenye darasa la jioni ninalosoma, mwalimu alitufundisha kugeuza mchoro wenyewe kwa karatasi nyepesi. Nilifurahi mno. Nikaona mume wangu anachelewa kulala, nikawageuza mimi mwenyewe ndege wale, kila mmoja akiwa na karatasi yake na muhuri wake, ili nimpunguzie kazi. Sikumwambia. Yeye naye akazilaza karatasi kifudifudi kama kawaida yake.

"Niligeuza," nikamwambia pale ngazini. "Karatasi nilizokupa zilikuwa zimeshageuzwa."

Alinitazama. "Nilihisi."

"Ulihisi?"

"Nilipomaliza kuchonga niliona mdomo umeelekea kusikotakiwa. Nikasema, huyu sasa anasoma, ana vitabu, mimi nina patasi. Labda amepanga hivyo. Nikikuuliza utadhani nakudharau."

"Fundi wangu," nikasema, "hata mimi nilipochapa niliona midomo inaelekea ukingoni."

"Na hukuniuliza?"

"Meza yetu fupi, nusu ya kitambaa inakuwa imeviringishwa. Nikasema wewe ndiye uliyepima pa kugandamiza kila muhuri, hujawahi kukosea vipimo."

Mama mkwe alipiga makofi mara moja. "Ehe! Mmepofuka kwa adabu. Mimi na marehemu tulikuwa tunagombana mpaka jirani anazima redio asikilize, lakini kitanda alichochonga kilikuwa na miguu minne."

Mume wangu alicheka kidogo, bila furaha. Kisha akasimama, akakitazama kitandiko muda mrefu. "Tunaweza kumwambia ni mtindo," akasema. "Kwamba wanalinda nyumba. Kila mmoja anaangalia upande wake ili mwenzake alale. Ni maneno mazuri, hata mimi nayapenda."

Yalikuwa maneno mazuri kweli, na hilo ndilo lililoniogopesha. Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikaomba. Niliomba dakika chache tu, tena kwa maneno machache, nisije nikamfanya mume wangu abaki nami kwa uongo. Nikatoka.

"Hapana," nikamwambia. "Akivipokea kwa hadithi, Jumatatu utabaki nyumbani kwa hadithi. Tumwambie."

Badala ya kunijibu, akashika ukingo wa kushoto wa kitandiko. "Shika huo wa kulia. Njoo nao huku."

Nikashika. Tukaja tukiwa tumebeba kila mtu ukingo wake, mpaka mikono yetu ikagusana na katikati ya kitambaa ikaning'inia chini kama mfuko. Midomo ya ndege wale ikakutana mbele ya vifua vyetu.

"Tukikata katikati," akasema polepole, "tukashona kingo hizi mbili pamoja, nje inakuwa ndani. Pambo la pembeni hatujalichapa bado. Inawezekana."

"Kitambaa si chetu."

"Najua. Ndiyo maana tutauliza."

Mama Vyumba aliingia uani saa nne kasoro, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, viatu vyake vimejaa vumbi la saruji. Alipita mbele ya kamba kama mkaguzi wa gwaride. Akafika mwisho, akarudi.

"Nyumba yangu nategemea maharusi," akasema. "Sasa bwana na bibi harusi wanaingia chumbani, wanakuta ndege wameshanuniana tangu asubuhi?"

Mama mkwe aligeuza uso ukutani, mabega yanatikisika.

"Ni kosa," nikasema. "Uliagiza wanaotazamana. Tumekosea."

"Nani aliyekosea?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema mume wangu wakati huohuo.

"Mmoja mmoja. Hii si kwaya."

Tukamweleza, mimi nikianza na yeye akimalizia, habari ya karatasi, ya patasi na ya meza fupi. Hatukuacha kitu. Mama Vyumba alisikiliza huku amekunja mikono. Kisha mume wangu akamwonyesha jinsi kingo zinavyokutana, akamwambia tunavyofikiri kufanya.

"Kwa hiyo mnataka kukata kitambaa changu kizima."

"Ndiyo, mama. Na mshono utaonekana katikati. Hatuwezi kuuficha."

"Na mkiharibu?"

Mume wangu alikiachia kitandiko kikaning'inia tena kambani.

"Ukikataa tutaelewa," mume wangu akasema. "Utachukua vitambaa vyako kama vilivyo, nami Jumatatu nitarudi kiwandani. Lakini hatutakata bila wewe kusema."

Mama Vyumba alikitazama kitandiko, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Akavuta kiti cha plastiki akakaa.

"Kateni kimoja. Nikiwa hapahapa."

Tulikilaza juu ya meza. Mume wangu akapima katikati mara mbili, akanyoosha mstari wa chaki. Nikachukua mkasi, nikauweka kwenye mstari, nikauondoa, nikauweka tena. Hakuninyang'anya mkasi. Aliweka viganja vyake viwili juu ya kitambaa, kimoja kila upande wa mstari, akakivuta kikakaza.

"Taratibu," akasema. "Mimi nimeshika."

Nikakata mpaka mwisho. Mama mkwe akabana kingo kwa pini, akakaa kwenye cherehani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakusema utani wowote. Alishona mara mbili ili mshono uwe imara. Tulipokitandaza, ndege walikuwa wanatazamana, na kati yao ulipita mstari mmoja wima, ulionyooka.

Mama Vyumba aliinama, akapitisha kidole juu ya mstari ule kutoka juu hadi chini, kisha akauvuta kwa nguvu kama anayejaribu kamba.

"Hautafumuka?"

"Kitambaa kitachanika kwanza," mama mkwe akajibu.

"Basi navipokea. Vyote vinane, viwe hivi." Nikafunga macho kidogo tu. Nilipoyafungua alikuwa bado anatutazama, wala hajatabasamu. "Lakini sikilizeni. Mwakani napandisha ghorofa, na nitataka mapazia. Kazi mnaijua. Kinachonitia wasiwasi ni huku kuoneana haya. Siwezi kumpa kazi mtu anayeona kosa mkononi mwa mwenzake akameza mate."

"Ni kweli," mume wangu akasema.

"Ukweli niliusikia tangu mwanzo. Nataka ahadi. Semeni hapa, mbele yangu na mbele ya mama yenu."

Mume wangu alijifuta chaki kwenye suruali. Ni mtu wa maneno machache, na nilimwona akiyatafuta.

"Jumatatu siendi kiwandani," akasema. "Nabaki hapa na mke wangu. Na nikiona kitu kimekaa vibaya mkononi mwake, nitamwambia papo hapo, hata kama ana vitabu mia, hata kama atakasirika."

Yeye na Mama Vyumba wakanigeukia. Nilisema kwa sauti, ili mama mkwe asikie kutoka kwenye cherehani, na Mama Vyumba asikie pale aliposimama:

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu. Sitamsaidia tena mume wangu kimyakimya. Nikimpunguzia kazi nitamwambia nimeipunguza wapi, na nikiwa na shaka nitamuuliza, hata kama swali ni la kijinga, hata kama nimeshamuuliza jana."