Picha ya Upande wa Nyuma

Kwa wiki sita Nzuguni nzima ilijua kwamba Evelina anakwenda kambi ya viraka. Sio kwamba watu waliuliza. Waliambiwa. Muuza chapati alijua, vijana wa bodaboda pale kijiweni walijua, mchungaji alijua, na yule dada wa benki ambaye Evelina alimwendea kubadilisha namba ya siri tu, naye alijua, tena akaonyeshwa na picha.

Kambi yenyewe ilikuwa ya siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili, kwenye hosteli moja ya kanisa huko Chamwino. Mnalala huko, mnakula huko, na kutwa ni madarasa: asubuhi kupanga rangi, mchana kushona, jioni kila mtu anaonyesha blanketi lake la viraka limefikia wapi. Mwenye kambi alikuwa Mwalimu Hilda, mama mstaafu aliyefundisha sayansi kimu miaka thelathini na mbili, ambaye hata kwenye WhatsApp aliandika kama yuko ubaoni: sentensi fupi, nukta, basi. Nafasi zilikuwa kumi na mbili. Waliokuwa wanasubiri mmoja ateleze, thelathini. Masharti mawili tu. Uje na kilo moja ya mabaki ya vitambaa, yamefuliwa na kupigwa pasi. Na uwe na sampuli, yaani vipande tisa ulivyoviunganisha mwenyewe kwa sindano na uzi mpaka vikawa mraba mmoja.

Sasa Evelina, miaka ishirini na tatu, muuzaji wa duka la stesheni na fotokopi, alijiandaa kwelikweli. Alinunua pini zenye vichwa vya rangi. Alinunua mkasi, akanunua na futi ya kamba ya pinki. Alinunua kofia, ingawa mpaka leo hakuna aliyeeleza kofia inahusikaje na kushona. Akatengeneza tangazo kwenye simu, sura yake katikati, chini maandishi makubwa: EVELINA, MBUNIFU WA VIRAKA. Akalisambaza kwenye magrupu tisa, likiwemo la msiba wa jirani, ambako alitolewa.

Alichokuwa hajafanya ni kushona.

Vitambaa alikuwa navyo. Miezi minne alipita kila Jumamosi kwa fundi Bartolomayo kuomba mabaki ya vitenge na batiki, anavikata mraba mraba, anavipanga kwa rangi kitandani, anavipiga picha, anavirudisha kwenye kiroba chini ya kitanda. Simu yake ilikuwa na picha mia sita na kumi na mbili za vitambaa. Wiki mbili kabla ya kambi, Mwalimu Hilda alipouliza kwenye grupu nani kamaliza sampuli, Evelina alilaza vipande tisa juu ya shuka, akavisogeza mpaka vikagusana, akachuma ua la jirani akaliweka pembeni, akapiga picha, akatuma. "Tayari mwalimu." Mwalimu akajibu: "Rangi nzuri." Siku hiyo Evelina alijisikia fahari kabisa, kama mtu aliyeshona.

Halafu ikafika Alhamisi, siku moja kabla ya safari. Alikuwa ameomba ruhusa kazini ili apange begi. Saa tatu asubuhi simu ikalia.

"Wote. Leo kabla ya saa kumi jioni nitumieni picha ya sampuli. Upande wa nyuma. Mbele panadanganya. Nyuma hapadanganyi. Asiyetuma, nafasi yake anapewa mwingine."

Evelina alisoma mara tatu. Halafu akajituliza: saa saba zipo. Vipande tisa tu. Kuna watu wanashona magauni ya harusi. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akakutana na ndala moja na vumbi.

"Mama! Kiroba changu kiko wapi?"

Mama yake alikuwa jikoni anachambua mchele. "Kiroba gani?"

"Cha vitambaa! Kilikuwa chini ya kitanda!"

"Aa, yale mabaki? Nimemshonea shangazi yako mto. Juzi Jumanne." Mama akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Nikasema moyoni, huyu mtoto siku hizi ana akili, anakusanya mabaki ya mto bila kutumwa."

"Mama, si nilikwambia ni ya kambi?"

"Ulisema unakwenda kujifunza kushona. Nani anakwenda kujifunza kushona na matambara yake? Nikajua huko watawapa kitambaa."

Na hapo mama alikuwa na haki. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kuona mabaki ya fundi yanafanya kazi nyingine zaidi ya kujazia mto. Watu wote wa benki walielezwa sanaa ya viraka, wenzake wa shule wa zamani walielezwa, mama yake mwenyewe hakuelezwa, kwa sababu mama hana WhatsApp.

Shangazi Zipora alikuwa barazani. Ni dada mkubwa wa baba, alikuja kutoka Kibakwe kutibiwa shingo, na alilalamika kila siku kwamba mahindi yake yanapaliliwa na watu wasiojua kupalilia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo umenyooka, na nyuma ya shingo mto. Mnene, umeshiba. Kwenye kona moja mshono ulikuwa umeachia kidogo na kipande cha batiki ya njano kilichungulia. Evelina alikitambua kama mtu anavyomtambua mwanawe kwenye gari la watu wengine.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umeshanisalimia asubuhi. Unataka nini?"

"Shangazi, nimekuletea mto wangu. Wa sponji. Wa kisasa."

Shangazi akaubonyeza kwa kidole kimoja. Kidole kikazama mpaka upande wa pili. "Huu ni mkate. Mto wa mama yako ndio umenirudishia shingo. Ona." Akageuza kichwa kushoto mpaka mwisho, akakigeuza kulia mpaka mwisho, taratibu, kama mtu anaonyesha bidhaa. "Wiki iliyopita nilikuwa nikiitwa nageuka mwili mzima kama lori la magogo. Sasa unataka nirudi kwenye ulori?"

Evelina akarudi ndani. Akachungulia dirishani. Ilipofika saa nne shangazi akafumba macho, kinywa kikalegea. Evelina akatoka kwa vidole vya miguu na mkasi wake mpya, akainama, akafikia ile kona ya batiki ya njano.

"Evelina." Macho bado yamefumbwa.

"Naam shangazi."

"Huo mkasi ukigusa huu mto, humu ndani nitakujazia wewe."

Basi akakimbilia kwa fundi Bartolomayo. Pale palikuwa na akina mama kama kumi, kila mmoja na mtoto wake wa kupimwa kiuno, na fundi kazama kwenye cherehani mpaka mabega. Lakini alimwona.

"Oyoo, Mbunifu wa Viraka kafika! Mpisheni, ni mtu wa matangazo huyu!"

"Fundi, naomba mabaki. Haraka. Vitenge, batiki, chochote chenye rangi."

"Januari hii? Mwanangu, shule ndiyo zimefunguliwa. Angalia chini."

Evelina akaangalia chini. Bluu ya sketi. Khaki ya kaptula. Nyeupe ya mashati. Basi. Hakuna ua, hakuna hata kitone. Miezi minne alikuwa akijisifu kwamba ana jicho la rangi, na sasa jicho likapewa sare za shule ya msingi.

"Kitenge utakiona Februari," fundi akasema, akamsombea marundo mawili kwenye mfuko. "Chukua. Wewe ndiye mteja wangu pekee asiyelalamika kwamba imebana."

Saa sita mchana vitambaa vilikuwa vimeshafuliwa na kuanikwa, na jua la Dodoma lilishavikausha kabla hajamaliza kutafuta pasi. Akakata vipande tisa. Akakaa barazani, chini, miguu amenyoosha. Akafungua video. Mama wa kwenye video alitabasamu, akawasha cherehani ya umeme, akamaliza mraba mzima kabla tangazo halijaingia. Halafu bando likaisha.

Evelina akatunga uzi kwenye sindano, akauvuta, akauvuta tena.

"Huo uzi ni wa kushonea au wa kufungia ng'ombe?" shangazi akauliza kutoka juu.

"Mrefu ndio mzuri, shangazi. Haukatiki katikati."

Ulijifunga fundo mara saba. Alijidunga kidole gumba, akajidunga cha shahada, akajidunga goti, na hapo ndipo alipojua amekuwa akishonea juu ya goti, kwa sababu aliponyanyua vile vipande viwili vya kwanza, sketi yake ilinyanyuka navyo. Alikuwa ameshona bluu na khaki na sketi, pamoja, imara. Ndiyo mshono wake pekee wa siku ile uliokataa kuachia, mpaka akaukata kwa mkasi.

Shangazi alicheka mpaka akashika kiti.

"Hivi Evelina, unakwenda mpaka Chamwino kufundishwa viraka? Sisi viraka tulikuwa tunavikalia visionekane! Suruali ya baba yako ilikuwa na kiraka juu ya kiraka juu ya kiraka, mpaka suruali yenyewe ikawa haipo, na bado alikwenda nayo shule."

"Shangazi, siku hizi ni sanaa."

"Lete hapa hiyo sanaa."

Akaipokea sindano, akakata uzi urefu wa mkono, akachukua vipande vitatu. "Unatembea hatua, unarudi nusu. Hatua, unarudi nusu. Usivute kama unachota maji kisimani." Vidole vyake vinene vilikwenda polepole, lakini ukiangalia pembeni kidogo ukirudi, kipande kimekwisha. Safu ya kwanza ikatoka, vipande vitatu, mshono mdogo mdogo kama njia ya sisimizi. Akamrudishia sindano. "Haya. Zilizobaki zako."

Zilizobaki Evelina alizishona kwa ulimi nje. Safu ya pili ilipinda. Safu ya tatu ilipinda upande mwingine, kwa hiyo akajifariji kwamba zinasawazishana. Akaziunganisha zote tatu, na saa tisa na dakika arobaini mraba ukawa mraba, kwa mtu mwenye huruma. Mbele palikuwa na nafuu. Akageuza nyuma. Chini ya njia ya sisimizi kulikuwa na kitu kama ndevu za beberu, nyuzi zimening'inia, mafundo yamesimama. Akapiga picha. Akajaribu filta. Ndevu zikawa ndevu za machweo. Akafuta filta, akakopa bando kwa kampuni ya simu, akatuma.

Mwalimu Hilda anaandika. Mwalimu Hilda anaandika. Mwalimu Hilda kaacha kuandika. Evelina akasimama, akakaa, akasimama.

"Naona mikono miwili. Safu ya juu kashona nani?"

Vidole vya Evelina, vile vilivyoshindwa sindano lakini kwenye simu havijawahi kushindwa, vilishaandika vyenyewe: "Ni mimi mwalimu, hapo nilikuwa bado sijachoka." Jibu zuri. Jibu la mtaalamu. Kilichobaki ni kubonyeza.

"Anasemaje mwalimu wako?" shangazi akauliza.

Evelina akamsomea.

"Mwambie ni wewe. Mimi sitasema."

Hapo angebonyeza, na kesho angepanda gari. Lakini akaiona Jumamosi: meza ndefu, watu kumi na wawili wameinama, yeye na kofia yake, anashona sketi yake kwenye blanketi, na Mwalimu Hilda amesimama nyuma ya bega, kimya, anaangalia. Asingefika saa nne. Na angerudi Nzuguni, kwa muuza chapati, kwa bodaboda, kwa dada wa benki. Tuseme ukweli, sio dhamiri iliyomshika mkono. Ni hofu. Lakini ulishikwa.

Akafuta yote. Akaandika: "Shangazi yangu. Safu mbili mbaya ndizo zangu." Akatuma. Na kwa kuwa ukishafungua mlango upepo unaingia wote, akaongeza: "Na ile picha yenye ua, mwalimu, vipande vilikuwa vimelazwa tu. Havikushonwa."

"Najua. Cha katikati kilikuwa kimekunjwa na upepo."

Wiki mbili! Mama wa watu alijua wiki mbili nzima, na Evelina kila asubuhi akimtumia "siku njema mwalimu wangu" yenye maua yanayometameta. Alitamani baraza ipasuke aingie.

Kisha: "Fumua safu ya shangazi. Shona mwenyewe. Mwisho saa kumi na moja."

Jamani, kufumua! Safu zake mwenyewe zingefumuka kwa kupigiwa chafya, lakini ya shangazi iling'ang'ania nyuzi kwa nyuzi. Alichokonoa kwa pini yenye kichwa cha kijani, jasho likimdondoka puani, na shangazi juu yake anaguna kila uzi unapokatika, kama anang'olewa meno. Dakika ishirini na tano. Halafu akashona. Hatua, rudi nusu. Hatua, rudi nusu. Alipojisahau akavuta kama anachota maji kisimani, akafumua, akarudia. Saa kumi na dakika hamsini na tano akageuza nyuma, akapiga picha, akatuma bila kuiangalia.

"Sasa mishono yote mibaya," mwalimu akajibu.

Evelina akaweka simu kifuani. Alikuwa anahesabu watu atakaowaeleza, aanze na nani, wa chapati au wa benki, ikalia tena.

"Lakini ni mkono mmoja. Huo ndio nitakaoufundisha. Gari kesho saa tatu. Njoo na kilo yako."

Alipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko. Akamkumbatia mama, akamkumbatia mwiko, akaruka chini ya baraza bila ndala. Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa ameuchukua ule mraba, ameugeuza nyuma, anauangalia kama mtu anayesoma barua ya matusi.

"Ngoja nielewe. Kulikuwa na safu moja nzuri."

"Ndiyo shangazi."

"Umeifumua. Ukaweka mbaya. Na kwa hiyo mbaya ndiyo umepita."

"Ndiyo."

"Shule gani hiyo!" Akautupa mraba mapajani kwa Evelina. Akakohoa. "Na yule mwalimu, kuhusu safu yangu hakusema chochote?"

"Aliniambia nifumue tu."

"Muulize."

"Shangazi..."

"Muulize, nimesema. Kutwa unaandika upuuzi humo, leo nakutuma kitu kimoja unachoka?"

Evelina akaandika: "Mwalimu, samahani. Shangazi anauliza mshono wake ulikuwaje." Jibu lilikuja kabla hajashusha mkono. Akalisoma kimya, uso ukapata moto.

"Kasemaje? Soma kwa sauti."

"Anasema, 'Ulikuwa mzuri sana. Ndiyo maana nilijua si wako.'"

Shangazi Zipora akanyoosha miguu, akaikunja, akapanga kanga yake magotini vizuri.

"Soma tena," akasema.